Nilipokuwa Naimba Kisimani

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Maneno si yangu, ni ya babu yangu wa hapa Lizaboni, aliyekuwa mchimba visima. Macho yake hayaoni tena karatasi, kwa hiyo yeye anasema, mimi naandika. Kuanzia hapa anayesema ni yeye.

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa kijana wa kifua kipana, nachimba visima kule Maposeni na mzee Fabiani. Mwenzetu wa tatu alikuwa Osmundi, kijana kama mimi, aliyezungusha gogo la kamba ya kututeremsha na kutupandisha. Mzee Fabiani alikuwa na taratibu zake. Kabla hujashuka alikufunga kamba kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na fundo aliliweka mgongoni, pale ambapo mkono wako haufiki. Kisha anateremsha kibatari mpaka chini. Kikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kushuka. Kisha sala. Na ukiwa chini uimbe, usinyamaze, ili walio juu wajue uko hai.

Mimi niliona hayo yote ni woga wa uzee. Marehemu anisamehe.

Jumatatu hiyo kisima kilikuwa kimefunikwa tangu Jumamosi. Mzee alinifunga kamba, akatikisa kibatari, akakuta kikavu.

"Ngoja hapa hapa," akaniambia. "Naenda kuomba mafuta kwa mwenye nyumba."

Alipogeuka tu, nikamwambia Osmundi aniteremshe.

"Mzee kasema ungoje."

"Anayeshuka ni mimi au mzee?"

"Haya, shuka. Ila ukifa usinitaje."

Tukacheka. Nikashuka bila taa na bila sala. Nilikiamini kifua changu.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Nikaanza kuchimba, nikiimba wimbo wa kanisani. Mwanangu, sijawahi kuimba vile. Sauti ilitoka laini, ikajaa kisima kizima. Halafu nikasikia wengine wakiitikia nyuma yangu, wanaume kwa wanawake, kama kwaya imesimama ndani ya ukuta wa udongo. Sikuogopa. Nilijisikia nimeshiba, sihitaji kitu chochote duniani. Nikajiuliza, je, niko mzima? Nikajijibu, mzima kabisa. Kamba tu ndiyo ilinikera. Nikapeleka mikono mgongoni niifungue, vidole havikufika. Mara kamba ikavutwa. Nikapiga kelele waniache.

Nilizinduka nimelala kwenye majani, jua limenipiga usoni.

"Mbona mmenitoa?" nikasema kwa hasira. "Nilikuwa naimba!"

Osmundi alikuwa analia. "Kuimba gani? Ulianza mstari mmoja ukanyamaza. Nakuita, kimya. Mzee ndiye aliyefika akanifokea nivute."

"Hamkunisikia nikipiga kelele?"

"Kelele gani? Umekuja juu kama gunia."

Mzee Fabiani alitia mafuta aliyoyaomba. Aliwasha kibatari, akakiteremsha. Hakijafika hata nusu, moto ulizimika kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Ndipo akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Kule chini ulijiuliza kama uko mzima?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukajibiwaje?"

"Mzima kabisa."

"Basi. Aliyekujibu ni huyohuyo aliyekuwa anakufa."

Nikamsimulia na wale walioniitikia, akaniuliza waliimba wimbo gani. Nilipomwambia ni uleule wangu wa kanisani, alifanya ishara ya msalaba, akakifunika kisima kwa magogo. Hatukukirudia. Sauti zile zilikuwa za nani, mpaka leo sijui, wala sina hamu ya kujua.

Mwanangu, kinachonitisha si kwamba karibu nife. Kinachonitisha ni kwamba niliridhika. Nilikuwa na amani tele, na ile amani ilikuwa inaniua, kwa sababu shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu. Siku hizi vijana mnaambiwa mjiamini, mjitegemee. Fanyeni kazi, ndiyo, mimi nimechimba mpaka mgongo umepinda. Lakini usijipe wewe mwenyewe hukumu ya mwisho juu ya roho yako. Mpe Mungu. Asubuhi kabla hujakanyaga chini, mwambie: Bwana, mimi sijioni, Wewe unaniona. Ukimwachia akushike hata pale ambapo mkono wako haufiki, utakula ugali wako na majani ya maboga ukashiba, utalala usingizi, hata kama mahindi ya mwaka huu ni haba. Huo ndio utoshelevu ninaoujua, na umenifikisha uzee huu.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akuvute hata siku ile utakayogombana naye ili akuache. Amina.

Babu amemaliza, anasema mkono wangu upumzike. Ninyi mnaosoma, tafadhali mtuandikie. Nitamsomea kila neno, hata kama nitachelewa.