Jina la Saba

Mama mdogo wangu, Bi Kazija, anakaanga samaki hapa Kinjumbi tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumwona akila samaki mzima. Yeye anakula vichwa. Ukimuuliza, atakwambia kichwa ndicho kitamu, ninyi watoto hamjui kula. Nilivila hivyo vichwa siku moja kwa udadisi, na nasema wazi: huyo mama ni mwongo.

Ndivyo alivyo kwa kila kitu. Godoro zuri ni la mama mkwe wake. Soda ya Idi ni ya watoto. Mimi nilipoachika nikarudi na mwanangu Mboni na begi lililokatika mkanda, alinipokea kwa kunigombeza kwamba nimekonda, halafu akanipa chumba alichokuwa akiwekea ufuta. Magunia ya ufuta akayahamishia chumbani kwake, akawa anayaruka kila anapokwenda kulala. Mama yangu mzazi, dada yake, alifariki nikiwa darasa la nne, na tangu siku ile Bi Kazija ndiye aliyenilea. Hakuwahi kunihesabu mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa nikijihesabu, na kwa aibu ile mdomo wangu ukawa mkali kama wembe.

Mwaka ule tulipomaliza kuuza ufuta, akaja Dismas. Dismas ni kijana wa kata anayepita nyumba kwa nyumba na simu yake akiandikisha watu bima ya afya ya kaya. Elfu thelathini kwa mwaka, watu sita kwenye kadi moja, na ukiugua unatibiwa zahanati mpaka hospitali ya wilaya. Mumewe mama mdogo, Mzee Bakary, alitaka kwanza kujua habari za ile bima nyingine ya mtu mmoja mmoja, inayokufikisha mpaka hospitali kubwa za mikoani. Dismas hakumficha, alimtajia bei. Mzee Bakary akaitikia "Alhamdulillahi" kama aliyepewa taarifa ya msiba, na mazungumzo yakarudi kwenye kadi ya kaya.

Yeye mwenyewe alikuwa akizipigia hesabu ya mabati zile pesa za ufuta. Bi Kazija akakataa. Mwaka uliotangulia Mboni alibanwa na pumu mara tatu, na mara ya tatu aliuzwa mbuzi. "Bati linasubiri," alisema mama mdogo. "Kifua cha mtoto hakisubiri." Mzee Bakary akaacha habari za mabati, maana mbuzi alikuwa wake.

Siku ya kuandikishwa mimi nilikuwa uani namwogesha Mboni. Bi Kazija alikuwa kwenye karai lake mbele ya nyumba, akiita majina huku akigeuza samaki. Mzee Bakary. Mama mkwe. Wanawe wawili wa kiume wanaosoma. Nusaiba, yaani mimi. Mboni. Tukaitwa mmoja mmoja tukapigwa picha ukutani, upande usio na moshi. Dismas alipomgeukia yeye, mama mdogo alimwambia, "Mimi mwisho, mafuta yamechemka." Tukatawanyika. Dismas akaahidi kurudi siku ya nne kupokea malipo na kutuma majina.

Mimi nilijua yumo, wala sikuhesabu majina. Nani angewaza vingine? Karai lake, ufuta wake, wazo lake.

Kumbe wiki ile ile nilikuwa nimemfumania na jambo. Zahanati walikuwa wamemwambia ana presha, wakampa dawa ya kumeza kila siku, na wakamsisitiza asiruke hata siku moja. Nikamkuta jikoni amekiweka kidonge juu ya mfuniko wa sufuria, anakikata nusu kwa kisu cha samaki. Akaniambia kidonge kizima kinampa kizunguzungu. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kandambili zinamwachia alama, na asubuhi alikuwa akijifunga kitambaa kichwani kwa nguvu ili kichwa kisimpige. Nikajituliza kwamba kadi ikitoka atapata dawa kamili.

Siku ya tatu nikakutana na Dismas dukani. Nikamwomba anisomee majina, nihakikishe Mboni ameandikwa sawasawa. Akasoma sita. Nikasubiri la saba.

"Yako sita tu, dada," akasema. "Bi mkubwa nilimwambia nafasi zimejaa. Akasema basi."

Nilirudi nyumbani sijui nimepitia njia gani. Nikamkuta anaparua samaki, nikasahau hata kumsalimu.

"Mama mdogo, kwa nini hujajiandika?"

"Mimi mzima."

"Mzima anakata dawa nusu kwa kisu cha samaki?"

Mzee Bakary akatoka ndani aliposikia sauti. Hata yeye hakuwa anajua. Akaanza, "Sasa, mama, hebu tuliangalie hili..." Bi Kazija akamtazama tu, na mzee akakohoa akakaa kwenye kibao. Niwaambieni nini, mume wake ni mtu mpole kupita kiasi, na kwa yule mama upole haufui dafu.

"Nimtoe nani?" akauliza. "Nitajieni. Bibi yenu, na magoti yale? Watoto? Mboni?"

"Nitoe mimi," nikasema. "Mimi mtu mzima nina mtoto. Dismas aniandike na Mboni kaya yetu peke yetu, wewe uingie hapa."

Akaweka kisu chini. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwangu kwa simu ya Dismas," akasema. "Kijiji kizima kimeshasema umeachika. Sasa kiseme na mimi nimekutenga? Yamekwisha hayo." Akaokota kisu, akaendelea na magamba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuacha jina lake kwa kusahau wala kwa ubahili. Aliliacha ili langu lisionekane limehamishwa. Na mimi nisingeweza kumlazimisha, kwa sababu mtoto hamlazimishi mzazi, wala mume yule hamlazimishi mke yule. Mle ndani hamkuwa na mtu wa kumwambia Bi Kazija neno likaingia.

Nje ya nyumba alikuwepo mmoja, Katarina. Katarina ni mshonaji, ana cherehani barazani kwake karibu na msikiti, ingawa yeye ni Mkristo, na ukoo wa kwao na ukoo wa kwetu ni watani tangu mababu. Wenye watani wanajua maana yake. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana umbo lako mbele ya wakweo, anachukua kuku wako na unamkomboa kwa pesa. Msibani ndiye anayelala mahali pa maiti na kudai nguo za marehemu. Na huruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe.

Nikaenda nikamweleza yote. Katarina akasimamisha cherehani, akang'ata uzi, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kumbe Kazija amefariki, na hamjaniita?"

Kesho yake asubuhi, saa ambayo wateja hujaa mbele ya karai, tukasikia kilio njiani. Katarina alikuwa anakuja amejifunga kitenge kiunoni, amejipaka majivu usoni, mikono kichwani. "Uwiii! Kazija ametutoka! Mtani wangu, jamani, nani atanipa tena samaki wabichi katikati!"

Wateja wakageuka. Bi Kazija akabaki na upawa hewani. "We mwanamke una wazimu? Mimi huyu hapa!"

"Msimsikilize, huo ni mzimu wake," akasema Katarina. "Mimi nimehakikisha kwenye simu ya serikali. Wazima wa nyumba hii ni sita. Bakary yumo, mama mkwe yumo, watoto wamo. Kazija hayumo. Sasa asiyekuwemo kwa wazima yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Katarina akaepua karai mafigani, akamwaga mafuta kwenye sufuria, akalifunika karai chini kifudifudi na kulikalia, moto wake wote, juu ya kitenge alichokikunja mara nne. "Karai la marehemu ni langu. Na kanga zake. Nusaiba, nenda kalete kanga!"

Nikaenda mbio. Mama mdogo aliponiona natoka na kanga zake zote mkononi akajua aliyemchongea ni nani.

Katarina akajilaza kwenye jamvi la wateja hapo pembeni, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akaanza kusema kwa sauti ya Bi Kazija, ile ya kukwaruza kidogo kwa moshi wa miaka mingi. "Mimi Kazija nimekufa vizuri sana, sijasumbua mtu. Vichwa vya samaki nimewaachia paka. Vidonge vyangu nusu nusu, mgawane." Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Halafu akamwita Mboni, akamkalisha pale jamvini, na sauti ikarudi kuwa yake mwenyewe.

"Huyu mtoto akibanwa kifua, kadi anayo. Sawa. Sasa nani atambeba mpaka kwenye gari la kwenda hospitali ya Kivinje? Mwaka jana alibebwa na nani?"

Wote walijua, maana walikuwepo mwaka jana. Bi Kazija ndiye aliyembeba Mboni mgongoni mpaka barabara ya lami, akikimbia, mimi nyuma yake nalia na begi.

"Kadi haina mgongo," akasema Katarina.

Bi Kazija alikuwa ameanza kucheka pamoja na watu. Kicheko kikamgeukia. Akakaa chini palepale kwenye mchanga karibu na mafiga, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Miguu yake iliyovimba ilikuwa mbele yangu na nilitaka kuishika, nikaishika.

"Naogopa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Si kufa. Naogopa mama yako aniulize kule, nilikuachia mtoto, mbona ulimwandika pembeni?"

"Atakuuliza mbona hukumaliza kumlea," nikasema. "Mama mdogo, mimi sioni aibu kuandikwa kaya yangu. Kadi mbili, sufuria moja. Naona aibu wewe ukila nusu ya dawa kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo siwezi."

Akajifuta uso, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, nimemwambia jambo bila ukali.

Kwa upande mwingine, wateja walikuwa na njaa, na mtani alikuwa amerudi kulikalia karai. Katarina akatangaza kwamba haondoki mpaka likombolewe, na bei yake ni kadi nzima. Mwenye mia tano akatoa mia tano, mwenye elfu akatoa elfu. Mzee Bakary akatoa elfu tano aliyoificha kwenye kofia, na mimi nikaleta elfu nane zangu za kusuka nywele. Mama mkwe naye akafungua pindo la kanga yake. Ilipotimia thelathini Katarina akainuka, akalipangusa karai kwa kitenge chake na kulirudisha mafigani. Katika ule ukombozi hakuchukua hata senti. Alichukua samaki wawili, wakubwa, na kanga moja hajairudisha mpaka leo.

Dismas alifika mchana akakuta watu bado wamejaa, akadhani kuna msiba kweli, akavua kofia. Tukamweleza. Akaketi, akafungua simu, akaondoa jina langu na la Mboni kwenye kaya ya Mzee Bakary. Halafu akafungua kaya mpya.

"Mkuu wa kaya?"

"Nusaiba," nikasema, na sauti haikutetemeka.

Akaniandika, akamwandika Mboni. "Sasa turudi kule kwa mzee, tumwingize Bi mkubwa. Nafasi zipo."

"Ngoja," akasema Bi Kazija. Alikuwa amesimama, upawa mkononi, macho bado mekundu. "Si wamesema zipo kadi mbili? Mimi niandike kwa Nusaiba."

Mzee Bakary akainua kichwa. "Mama, hata mimi umeniacha?"

"Tunalala chumba kimoja, utaninunia nini? Watu watasema huyu binti katengwa. Basi wakisema, waone aliyetengwa naye. Yeye akihama kwenye karatasi, nami nahama naye."

"Nimeachika kwa simu," akasema Mzee Bakary, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Dismas akamsimamisha ukutani kumpiga picha. Alitaka afute kwanza unga wa ngano shavuni, mama akakataa, samaki wanaungua. Kwenye kadi yupo hivyo hivyo mpaka leo, na muuguzi wa zahanati anatabasamu kila mwezi anapompa dawa zake. Anazimeza nzima. Nilikificha kile kisu siku za mwanzo, kisha nikaona hakuna haja, nikamrudishia.

Lakini siku ile, kabla Dismas hajafunga simu, lilibaki swali moja. Akauliza bila kuinua macho, kama anavyouliza nyumba zote:

"Uhusiano wake na mkuu wa kaya?"

Bi Kazija akafungua mdomo kujibu, mama mdogo, kama ilivyo. Nikamuwahi.

"Andika mama," nikasema.