Swali la Igiraneza juu ya Mazuku

Mwasiti, mwalimu wa mwaka wa tano wa primeri katika shule moja ya Keshero, mtaa wa Goma, hakupenda kujibu swali ambalo mtoto angeweza kulitafutia jibu mwenyewe. Baba yake, muzee Rachidi, mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia Goma kutoka Kindu, alikuwa akilalamika kwamba hata ukimuuliza binti yake chumvi iko wapi, atakuuliza wewe unadhani iko wapi.

Kwa hiyo shule ilipopewa kompyuta chache zilizokwisha kutumika, na mkuu wa shule, direkteri Florent, akazifungia chumba cha pembeni kwa kufuli, Mwasiti ndiye aliyekwenda kuomba ufunguo.

"Batoto watazivunja," Florent alisema.

"Zikikaa humo ndani, direkteri, vumbi litazimaliza kabla yao."

Florent akafikiri kidogo, akampa ufunguo. Mwasiti akawa ananunua mega kwenye simu yake ili kompyuta zile zipate mtandao.

Mara ya kwanza mambo yalimharibikia. Aliwaambia watoto watafute habari za mwezi, akawaachia wenyewe. Walirudi na maandishi mengi, na nusu ya darasa walikuwa wamenakili maneno ya mtu mmoja wa kwenye video, aliyedai kwamba mwezi ni taa iliyotundikwa angani. Alipowauliza kwa nini walimwamini, walimjibu kwamba video ile imetazamwa na watu wengi sana.  Mwasiti aliona kosa si lao. Alikuwa amewatuma sokoni bila kuwaambia wanunue nini, wala namna ya kumjua samaki aliyeoza.

Tangu hapo akabadilisha kazi. Yeye mwenyewe alitangulia kutafuta, akachagua kurasa chache zenye Kifaransa chepesi. Watoto waliandika swali kwanza, wakasema wanadhani jibu ni nini, ndipo wakasoma. Jambo walilolikuta mahali pamoja tu hawakulikubali bado. Na lolote lililowezekana kujaribiwa kwa mikono, walilijaribu darasani.

Walikuwa wameshazoea hivyo, siku moja Igiraneza akainua mkono. Alikuwa msichana wa maneno machache, wa familia iliyokimbia vita kutoka Rutshuru na kujenga nyumba ya mbao pembezoni mwa mji.

"Mwalimu, mazuku ni kitu gani?"

 Hakuna mtoto wa Goma asiyelijua neno hilo. Mazuku ni ile hewa mbaya inayolala mabondeni, kati ya mawe meusi ya volkano. Mbuzi akishuka humo asubuhi hapandi tena, na mtu vilevile. Lakini ni kitu gani hasa? Mmoja alisema ni pepo. Mwingine, ni moshi usioonekana. Mwingine alisema ni kazi ya watu wanaologa. Mwasiti aliyaandika yote ubaoni, wala hakucheka hata moja.

Juma lililofuata wakasoma. Penye sentensi ngumu Mwasiti aliwaeleza kwa Kiswahili. Kurasa zote zilikubaliana: mazuku ni gesi inayopanda kutoka chini ya ardhi, gazi kaboniki, ile ile tunayoitoa puani tukipumua. Huwezi kuiona. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inateremka na kujaa shimoni kama maji, na hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala.

"Tutajuaje kama ni kweli?" Mwasiti akauliza.

"Tujaribu," wakaitikia.

Akaleta beseni lenye kina, akasimamisha ndani yake buji mbili, yaani mishumaa, moja fupi na moja ndefu, akaziwasha. Kisha akamimina siki juu ya bikabonati, ile ya kuumulia mikate, chini ya beseni. Povu likapanda, likitoa gesi ile ile waliyoisoma. Buji fupi ikatetemeka, ikazimika yenyewe, bila mtu kuipuliza. Ile ndefu ikaendelea kuwaka. Watoto wakasukumana kuja mbele, wakataka irudiwe. Igiraneza alibaki mahali pake, akitazama ile iliyozimika.

Wenzake walipotoka kucheza, hakuwafuata.

"Mwalimu," alisema, "Josias alikuwa mufupi."

Mwasiti akakaa chini karibu naye, akamwacha aseme. Josias alikuwa mdogo wake. Asubuhi moja alishuka kwenye shimo nyuma ya nyumba yao kutafuta mbuzi, wakamkuta humo amekufa. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa mama mudogo Umuhoza, dada ya mama yao, akanywa uji. Mama akasema Umuhoza ndiye aliyemloga, akatia sumu katika uji. Majirani nao wakasema hivyo. Umuhoza akafukuzwa, akaenda kukaa Bunagana, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi nyumbani.

"Basi hakumuloga?" Igiraneza akauliza.

Mwasiti alikuwa na mazoea ya kurudisha swali. Hilo hakuweza kulirudisha. Alikuwa ameandaa somo la gesi nzito na gesi nyepesi, na sasa somo lilikuwa limeingia katika nyumba ya watu. Akamwambia mtoto, "Ngoja kwanza, usilibebe peke yako. Nitakuja kuongea na mama."

Lakini Igiraneza hakuweza kungoja. Kesho yake asubuhi mama yake, Mukashyaka, alikuwa amesimama mlangoni pa darasa, kitambaa cha kichwa amekifunga haraka haraka.

"Mwalimu, kompyuta yenu inajua nini juu ya mutoto wangu?"

"Haijui kitu juu yake, mama Igiraneza. Haikumuona. Inaeleza gesi tu."

"Basi kwa nini binti yangu ananiambia dada yangu hana kosa?"

"Karibu, ukae." Mwasiti alichagua maneno polepole. "Mimi sikukuwa pale. Siwezi kukuambia Josias alikufa na nini, na mutu asikudanganye kwamba mimi najua. Lakini naweza kukuonyesha kile batoto walikiona."

Akawapeleka watoto uwanjani, akaleta beseni lile lile. Mukashyaka alitazama buji fupi ikizimika. Akaomba kuiwasha tena mwenyewe. Kila alipokishusha kiberiti chini ya ukingo, moto ulikufa mkononi mwake. 

"Mbuzi naye tulimukuta pale pale," alisema hatimaye. "Kando yake. Amekufa." Akakiweka kiberiti chini. "Mbuzi hakukunywa uji."

Mwasiti akasogeza beseni kando.

"Mimi ndiye nilimutuma," Mukashyaka akasema. "Nilimuambia, nenda uangalie mbuzi kabla jua halijapanda."

Hapo Mwasiti akaelewa kwamba hasira kwa Umuhoza ilikuwa imemkinga mama huyu na wazo hilo muda wote.  Katika kurasa zote alizowahi kufungua, hakukuwa na hata moja yenye neno la kumwambia. Akasogeza benchi, wakakaa bega kwa bega.

"Hukujua, mama. Hakuna mutu aliyekuonyesha."

"Sikujua," Mukashyaka alisema. "Na dada yangu aliniapia. Nikamufungia mulango."

Akalia, na Mwasiti akaacha kengele ilie bila kuinuka.

Hakuna mtu aliyepanga yaliyofuata. Mukashyaka mwenyewe ndiye aliyerudi kumwomba mwalimu aje na watoto kuweka alama kwenye lile shimo. Walikwenda adhuhuri, upepo ukivuma, kama walivyokuwa wamesoma, na watoto wakasimama mbali juu. Florent alileta kopo la rangi nyekundu. Mukashyaka akachonga miti, akaipaka rangi, akaichomeka pembeni kwa kuigonga na jiwe, na kwa kila jirani aliyekuja kuuliza alieleza habari ya gesi mwenyewe. Wengine walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema pepo ni pepo tu, hata ukimpa jina la Kifaransa. Mukashyaka hakubishana naye. Alimwambia tu asipeleke mbuzi zake huko asubuhi.

Kumpigia dada yake simu ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mara ya kwanza Umuhoza alisikia sauti, akakata. Mara nyingine alisikiliza hadi mwisho, asijibu. Kisha, siku moja ya masika, Igiraneza alifika darasani mapema, akamsogelea mwalimu wake aliyekuwa akifuta ubao.

"Mama mudogo alikuja jana."

"Walisemaje?"

"Mama alipika sombe na samaki. Mama mudogo hakukula. Alikaa tu, anatazama mulango." Igiraneza akafikiri. "Lakini giza liliingia, hakuenda. Alilala kwetu, kwa kitanda cha mama."

Mwasiti akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na maswali mengi, lakini hakuuliza hata moja.