Kioo cha Upande wa Mshenga

Kioo cha gari la kaka kilishuka asubuhi ya posa yake, tukiwa karibu kuondoka Makambako, na kikakataa kupanda. Kilikuwa cha mlango wa mbele, upande wa abiria, na abiria alikuwa mshenga.

Kaka mwenyewe hakutakiwa kwenda. Kwetu anayeposa anabaki nyumbani, anasemewa. Wa kumsemea alikuwa jirani yetu, mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye goti bovu na sauti nzuri sana ambayo wiki ile ilikuwa imekauka kwa kikohozi. Julai, barabara ya Njombe, ukungu, kioo wazi: angefika bila sauti, na kaka angekosa mke kwa mafua ya mtu mwingine. Dereva nilikuwa mimi. Nimemaliza kidato cha nne, nina leseni, na sipendi kusubiri.

Fundi wa Lyamkena alifungua kava la mlango, akapima waya, akawa anabonyeza swichi huku ametega sikio mlangoni kama daktari. Akasema mota imechoka, nyingine labda Iringa, labda Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu yule binti atakuwa ameshaposwa na wenye vioo. Akafikiri, akapandisha kioo kwa viganja, akachonga kipande cha mbao, akakikaza chini ya kioo humo ndani ya mlango, akarudisha kava.

"Hiki hakishuki," akasema. "Hata ukipigie magoti."

Njia nzima mshenga alikaa kwenye joto akifanya mazoezi ya maneno yake kwa kunong'ona. Nikajisifu moyoni.

Tulipofika Njombe, wazee wa upande wa binti walikuwa wameshajipanga mbele ya nyumba. Mshenga akavuta kitasa. Kitasa cha ndani kilikufa zamani, sisi huwa tunapitisha mkono dirishani tunafungua kwa nje, na sasa dirisha ndilo hilo limefungwa. Nikazunguka, nikavuta cha nje. Nacho hakikuitika. Mbao ya fundi ilikuwa imesogea njiani, ikakalia chuma cha kitasa. Kumpitisha upande wangu kulikuwa na shida ya goti, ya usukani na ya tumbo. Nyuma kulikuwa na gunia la viazi na kreti za soda.

Nikasema nivunje kioo. Mshenga akasema kwa upole kwamba ukweni haturudi na sifa ya kuvunja.

Na wale nao walikuwa na utaratibu wao. Mgeni wa posa haulizwi shida yake akiwa amesimama nje. Lazima akae kwanza, apewe cha kunywa. Baba mkubwa wa binti, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao, akalizunguka gari, akainama, akachungulia.

"Amekaa?" akaniuliza.

"Amekaa, baba."

"Basi leteni chai."

Akaingia kwenye kiti changu, akashika usukani. Vikombe vikapangwa kwenye dashibodi. Wazee wengine wawili wakajibana nyuma, mmoja juu ya viazi. Halafu, kwa sababu ya baridi, wakafunga mlango.

Kazi ya fundi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Sikusikia hata neno moja. Mvuke wa chai ukatanda kwenye vioo, nikabaki naona vivuli vya kofia tu. Kaka akapiga simu, akauliza wanasemaje. Nikamwambia sijui, wamefunga mlango. Akauliza mlango wa sebuleni? Nikakata simu. Mara honi ikalia. Nikakimbia nikidhani naitwa, kumbe baba mkubwa ameegemea usukani. Kama alikuwa anacheka au anagomba, sikuweza kujua.

Wazee walitoka wakitabasamu. Nikawahi simu nimpigie kaka. Ndipo shangazi wa binti akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Akasema mtoto haposwi huku mashangazi wamesimama kwenye baridi kama walinzi, na kama posa inasikilizwa garini, basi nao wataisikiliza humo humo. Wazee wakatazama chini. Shangazi akaingia, wenzake wawili wakapanda nyuma, na mshenga, ambaye chai ilikuwa imeanza kumbana, akaanza upya kuanzia salamu ya kamwene.

Safari hii sikusubiri. Nikafungua mlango wa nyuma wa mizigo kama natafuta spana, nikainama humo. Sauti ya mshenga ilikuwa imebaki uzi.

"Kijana ana kazi?" shangazi aliuliza.

"Anayo, mama."

"Mlevi?"

"Hapana."

"Ana gari?"

Mshenga akatazama kitasa, akatazama kioo, akajibu, "Analo."

Mashangazi wakacheka mpaka gari likayumba. Yule shangazi akafuta macho kwa khanga. "Tumemkubali," akasema. "Mtu aliyekaa humu na bado anamsifia huyo kijana hawezi kuwa mwongo. Haya, tumtoe huyu baba, ana shida."

Wakamtoa upande wa dereva, wawili wakivuta mikono, mmoja akisukuma kutoka nyuma, vigelegele vikianza kabla hajafika nusu. Simu ikaita.

"Nani analia?" kaka akauliza.

"Umekubaliwa," nikamwambia. "Lakini subiri kwanza, wanamtoa mshenga."