Mguu wa senene kwenye projekta

Karagwe na Kyerwa nzima, projekta ikigoma, anatafutwa mtu mmoja. Mimi hapa.

Ila leo nimekasirika, jamani!

Kwaya ya akina mama imetoka Nyakasimbi mpaka huku Nkwenda, waje kujiona kwenye pazia kubwa kwa mara ya kwanza. Ukumbi umejaa. Projekta inawaka, lakini nabonyeza batani ya kuanzisha picha, kimya. Ya menyu nayo inajibonyeza yenyewe kama ina pepo!

Nikachomoa umeme, nikarudisha. Vilevile.

Mama mmoja akauliza, "Fundi, turudi nyumbani?"

Uchungu huo!

Nikafungua kibao cha batani kwa bisibisi. Ndani nikakuta mafuta, na mguu wa senene.

Hapo hasira zikanipanda. Nikamfokea Ma Koku, mwenye ukumbi, mbele ya watu wote: "Nani anakula senene kwenye mashine yangu?"

Hata hakuinuka. "Mwanangu, mimi ni wa zamani. Kwetu mwanamke alikamata senene, akakaanga, mume ndiye akala. Sijawahi kuonja. Na ufunguo wa chumba cha projekta anao nani?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko.

Nimesafisha kwa spiriti, picha imetoka, wamejiona, wamepiga vigelegele. Asante hakuna, wananiita Senene.

Nyie mnaonisoma huko Bugene, semeni, hiyo ni haki?

Haya, ufunguo ni mmoja na ninao mimi. Na hata sasa naandika simu ikiniteleza, vidole vina mafuta.