Niliunganisha mfumo wa bili na registrar, sasa mimi ndiye mwenye fahali Shinyalu

Wakuu, mulembe. Nawasalimu kutoka Kakamega mjini, upande wa Lurambi.

Mkiona mahali nimejisifu kupita kiasi, nirudisheni chini. Lakini mkifika mahali pa kuchekesha, jueni sijatia chumvi hata kidogo. Nimebadilisha majina ya wazee tu, kwa sababu wana simu na wanajua duka langu liko wapi.

Kazi yangu ni kuuza hosting na domain. Kwa wale wa jukwaa la siasa waliopotea njia wakaingia huku, hosting ni mahali tovuti inapokaa, domain ni ile anwani yake. Registrar ndiye mwenye duka kubwa la hayo majina. Mimi ni mtu wa katikati, nanunua kwake nawauzia shule, makanisa, wauza mbolea na yeyote aliye na neno la kuambia dunia.

Zamani nilifanya kila kitu kwa mkono. Mteja analipa, anapiga simu, mimi naacha ugali unapoa, naingia kwa registrar, naandika jina la mteja, barua pepe, namba ya simu, nabonyeza. Siku ya harusi ya shemeji yangu niliandikisha domain ya kinyozi nikiwa nimesimama kwa foleni ya kupigwa picha na maharusi. Ukiitazama ile picha utaniona, mimi ndiye ninayetazama chini.

Mke wangu ndiye hupokea simu za wateja. Alichoka kabla yangu.

"Hii kompyuta si ndio inafaa ikufanyie kazi? Mbona nakuonanga wewe ndio unaifanyia?"

Nikaamua sasa ni automation, kazi ijifanye yenyewe.

Kwa ambao hawajawahi kufanya, nitaeleza kwa kifupi. Una mfumo wa bili, ule unaotoa ankara na kupokea malipo. Unaweka ndani yake module ya registrar wako, yaani kiprogramu cha kuwaunganisha, unaipa ufunguo wa API, ile siri ya kufungulia mlango, na kuanzia hapo wanaongea wenyewe. Mteja anajaza fomu kwa tovuti yako, analipa kwa simu, mfumo unamwambia registrar "andikisha", registrar anasema "tayari", na mteja anapata barua ya shukrani. Wewe uko kwa kinyozi.

Kwenye karatasi ni rahisi. Mimi nilikwama kwa IP, ile namba ya kutambulisha mashine mtandaoni. Registrar hupokea amri kutoka kwa IP anayoijua tu, na mimi kwa akili zangu nikampa IP ya wifi ya nyumbani badala ya ya server. Mchana wote nikawa nafukuzwa mlangoni na natukana registrar wa watu. Anayetaka kunicheka kwa hilo acheke sasa, maana kuna kubwa zaidi mbele.

Mwishowe ikakubali. Nikajaribu kwa jina langu mwenyewe, ikapita. Nikamwita mke wangu aone. Akatazama screen, akasema, "Haya, sasa utakula ugali ukiwa moto."

Mteja wa kwanza wa kweli kupita kwenye ule mfumo alikuwa Mzee Lihanda wa Shinyalu.

Mzee Lihanda alikuwa karani wa mizani kiwandani, zamani za miwa. Amestaafu, ana simu kubwa, na ana fahali anayeitwa Transfoma. Kwa wageni wa huku kwetu, fahali kupigana ni mchezo mkubwa. Watu huamka na ngoma za isukuti, wanamsindikiza fahali wao hadi uwanjani wakiimba kama wanampeleka bwana harusi. Fahali mwenye jina anajulikana kuliko mheshimiwa. Na huyu aliitwa Transfoma kwa sababu, kama mzee alivyonieleza, ukimgusa unaona giza.

Mzee alitaka Transfoma awe na tovuti. Nikamwambia ajaze fomu kwa tovuti yangu, alipe, mengine yatajifanya. Akajaza. Yakajifanya. Mimi kweli nilikuwa kwa kinyozi, na simu ilipolia kwamba domain imeandikishwa nilimwonyesha kinyozi. Nikamtengenezea ukurasa mzuri, picha ya Transfoma akiwa ametoa macho, na siku ya pambano lake. Vijana wa Shinyalu wakabandika mabango ya pambano kila nguzo mpaka huku mjini, na chini ya bango anwani ya tovuti.

Wiki ya pambano, registrar akaniandikia.

Wakuu, ile barua ilikuwa na heshima sana, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Walikuwa wanakagua taarifa za wamiliki wa majina. Wamekuta mmiliki mmoja, jina la kwanza Transfoma, jina la ukoo Shinyalu. Wakafungua tovuti yake wamfahamu zaidi, wakakuta ana pembe. Kwa hivyo walikuwa wanaomba, tafadhali, nakala ya kitambulisho cha Bwana Transfoma. Kama hana, taarifa zibadilishwe ziwe za mtu kabla ya Ijumaa, la sivyo jina litafutwa. Kwa sasa tovuti wameizima.

Pambano lilikuwa Jumamosi.

Nilimsomea mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hivyo umetengeneza mashine ya kuandikisha ng'ombe."

Nilijitetea kwamba mashine huandika kile ilichoambiwa. Lakini kweli, zamani ningekuwa nimeandika kwa mkono wangu ningeuliza, mzee, Transfoma ni nani tena hapa? Automation haiulizi.

Nikadhani ni jambo dogo. Mzee amekosea, naweka jina lake, tunasonga. Nikampigia.

"Mzee, pale kwa mwenye domain nabadilisha naandika Lihanda, sawa?"

Akasema, "Usiandike kitu. Kuja nyumbani."

Nikapanda boda mpaka Shinyalu. Nilipofika ndipo nilijua Mzee Lihanda ana ndugu, Mzee Ingutia, na nyumba zao zimetenganishwa na ua tu. Transfoma alikuwa amefungwa katikati, na hao wazee wameketi kila mmoja upande wake, fahali akiwa kama meza ya mkutano.

Nikaletewa ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, kabla ya neno lolote. Nikala. Nikiwa nakula nikaona jambo la ajabu kidogo. Wale wazee hawakuwa wanaongea. Yaani walikuwa wanaongea, lakini na fahali.

"Transfoma," Mzee Lihanda akasema, "waulize huko ng'ambo kama maji imeletwa."

"Transfoma," Mzee Ingutia akajibu, "waambie maji imeletwa, hata ulishakunywa."

Mke wa Mzee Lihanda akaninong'oneza. Tangu walipomzika baba yao na kugombania mpaka wa shamba, hawajawahi kuongea uso kwa uso. Kitu kimoja tu ndicho kimewabakia pamoja, ni huyo fahali. Ng'ombe aliyemzaa alinunuliwa na Lihanda, lakini ndama akakulia kwenye shamba la Ingutia. Lihanda humkatia nyasi, Ingutia humfundisha kupigana na kumwongoza uwanjani. Huyo ng'ombe akienda, akasema yule mama, hawa watu hata kusalimiana kupitia mnyama hakutakuwa.

Nikaacha kutafuna.

Hata hivyo kazi ni kazi. Nikaeleza mambo ya registrar, Ijumaa, kitambulisho. Nikasema kwa kuwa aliyejaza fomu ni Mzee Lihanda, tuweke Lihanda.

Mzee Ingutia akasimama, akachukua kofia yake. "Transfoma, umesikia? Jumamosi utapelekwa na fomu."

Nikarudi nyuma haraka. Basi, nikasema, si tuweke Mzee Ingutia, yeye ndiye mwalimu wake.

Mzee Lihanda hakusimama. Alisema polepole tu, "Transfoma, kumbe nyasi yangu umekulanga kwa bure."

Niliogopa, wakuu. Nasema ukweli. Nilikuja kurekebisha safu moja kwa database na sasa nilikuwa nashika mkasi juu ya uzi wa mwisho wa boma la watu. Nikamuuliza Mzee Lihanda, kwa upole wote nilionao, kwani siku ile ya fomu aliandika fahali kwa nini.

"Kijana, unafikiria sijui kusoma? Nilikuwa nimekaa hapa. Yeye amekaa pale. Hiyo fomu yako ikauliza jina ya mwenyewe. Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikaandika jina ile hatuwezi kukosania."

Mimi nilimcheka huyo mzee njia nzima kutoka mjini. Nilijisikia vibaya sana, na ingokho yao ilikuwa bado mkononi.

Nikatafuta njia nyingine. Nikawaambia kwenye fomu kuna mahali pa shirika, tunaweza kuandika Kikundi cha Transfoma. Wakaitikia kwa kichwa, wote wawili, nikapata nguvu. Lakini registrar bado anataka mtu mmoja wa kuwasiliana naye, mwenye kitambulisho. Mtu mmoja.

Transfoma akapiga mkia.

Mzee Lihanda akanitazama muda mrefu. "Transfoma," akasema, "huyu kijana wa mjini si wa kwangu. Wala si wa huko ng'ambo. Na amekula ingokho yetu."

Mzee Ingutia akageuka. Hakumtazama fahali. "Hapo umesema, Lihanda."

Mke wa mzee alikuwa anapita na sufuria, akasimama hapo hapo. Mzee Lihanda mwenyewe alishtuka, akaanza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Nani angekataa baada ya hapo? Nikatoa simu, nikaingia kwa mfumo wa bili, nikaandika shirika: Kikundi cha Transfoma. Mmiliki na mhusika: mimi. Module ikapeleka kwa registrar bila swali, maana ndiyo tabia yake. Nikapiga picha kitambulisho changu nikatuma. Kabla ya Ijumaa tovuti ikarudi hewani, na registrar akaniandikia tena, kwa heshima ile ile, akinishukuru kwa ushirikiano na akimtakia Transfoma ushindi.

Jumamosi asubuhi nilienda. Ningekosaje? Isukuti zilianza kunguruma kabla jua halijapanda vizuri. Transfoma alitokea amevalishwa majani, mbele yake Mzee Ingutia na fimbo, na kando ya Ingutia, hatua kwa hatua, Mzee Lihanda. Watu wa kijiji walivyowaona pamoja walipiga kelele kuliko walivyompigia fahali. Nilitoa machozi kidogo, na atakayeuliza nitasema ni vumbi.

Sasa mtataka kujua kama alishinda.

Transfoma aliingia uwanjani. Akamwona mpinzani wake. Akamtazama kwa makini, kama mtu anayesoma masharti ya mkataba. Halafu akageuka, akapasua umati, akaruka mtaro, akaingia kwenye mahindi ya jirani na kuyapitia mstari kwa mstari mpaka upande wa pili.

Mwenye mahindi akaja na jembe begani, mwanamke mmoja mrefu, sauti yake imefika kabla yake.

"Ng'ombe ni ya nani? Nasema ni ya nani?"

Wakuu, wale wazee wawili, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya kitu tangu mazishi ya baba yao, waliinua mikono pamoja wakanionyesha mimi.

"Mwenyewe ni yule," akasema Mzee Lihanda.

"Iko kwa internet," akasema Mzee Ingutia. "Angalia tu."

Na kuna kijana pale kati ya watazamaji aliyeangalia kweli, akasoma jina langu kwa sauti.

Siku hiyo yote nilishinda shambani nikiinua mahindi ya yule mama, nikiyashindilia udongo na viatu vyangu vya kwenda mjini. Wazee walikuja kunisimamia. Waliketi kwenye gogo moja.

"Huyu hajui kushika mahindi," nikamsikia Lihanda.

"Atajulia wapi? Hawa wa kompyuta," Ingutia akamjibu. "Lakini ana roho nzuri. Unakumbuka baba alivyokuwa akitufanyisha hii kazi?"

"Wewe ulikuwa unajificha."

"Si nilikuwa mdogo."

Waliendelea hivyo mpaka jua likaanza kushuka, na hakuna hata mmoja wao aliyemtaja Transfoma. Nilifanya kazi polepole makusudi.

Basi nilichojifunza ni hiki. Unganisha mfumo wako na registrar, ni kitu kizuri, ugali utakula ukiwa moto. Lakini ile sehemu ya mmiliki usiiachie mashine peke yake. Mashine itaandikisha jina kabla hujameza tonge, lakini haijui ni boma gani linashikiliwa na lile jina. Sasa hivi kwangu kila agizo jipya linasimama kwanza mpaka mke wangu apige simu aulize mwenyewe ni nani. Na kwa fomu nimeongeza swali: "Je, mmiliki ni binadamu?" Juzi mteja wa Matete amejibu, "Inategemea."

Wazoefu wa API, nisaidieni. Nyinyi mnahakikisha vipi mmiliki ni mtu bila kurudi kwa kazi ya mkono? Na wale wa sheria, kama mtu ameandikwa mwenye fahali kwa internet tu, na huyo fahali leo asubuhi amekula kabeji za mwalimu mkuu, mwalimu ana haki ya kuja dukani kwangu? Maana namwona hapo nje, anaegesha pikipiki.