Nilisema Hakuna Aliyeufungua Usukani

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzoni kabisa ili wewe unayesoma usipoteze muda kunitafutia udhuru, kama nilivyojitafutia mimi kwa miezi mitano.

Nina umri wa miaka hamsini na minane, nafundisha Kilatini na historia ya kale katika seminari moja hapa Kigali. Nilikulia Karagwe, na ndiko nilikokipata Kiswahili hiki. Wanafunzi wangu huniogopa kwa jambo moja: simruhusu yeyote aandike sentensi bila kueleza ameipata wapi.

Gari langu hutengenezwa na Gaspard, mwenye gereji Gatsata. Ni mtu wa makamo aliyekulia Bujumbura, fundi hodari, mtani kupita kiasi. Miaka miwili iliyopita nilijaribu kubadilisha plagi mwenyewe, nikaikata moja ikabaki ndani ya injini. Gaspard aliwaita mafundi wake wote waje kuona.

"Mwalimu," alisema, "wewe ongea na wale Warumi wako wenye walikufa. Hii yenye iko inapumua tuachie sisi."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa.

Basi mwaka huu nilipeleka gari kwake kunyooshwa magurudumu, maana lilikuwa linavuta upande mmoja. Kazi hiyo aliifanya Vestine, mwanamke pekee katika gereji ile, mama wa mtoto mmoja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu naye nikisahihisha mitihani, na kila nilipomaliza ukurasa nilimtazama. Alilala chini ya gari akilegeza na kukaza vyuma vya pembeni, kidogo kidogo, hadi usukani ukakaa sawa. Ilikuwa kazi safi. Gaspard alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwezi uliofuata Vestine ndiye angekabidhiwa mashine ya kupimia, ile inayosoma makosa katika kompyuta ya gari. Katika gereji, mwenye mashine hiyo ndiye anayeulizwa kwanza.

Jumamosi iliyofuata honi ilikataa kulia. Sikutaka kurudi Gatsata kwa ajili ya honi.

Niliitazama video moja mara tatu, nikaandika hatua zote daftarini. Nilitenganisha betri, nikasubiri, nikaufungua usukani, nikaweka kila bolti juu ya karatasi yenye namba yake. Nyuma ya usukani kuna kisahani cha plastiki chenye utepe wa nyaya uliokunjwa ndani yake. Nilikizungusha kwa kidole nione kinavyokwenda, kisha nikakirudisha. Waya wa honi ulikuwa umechomoka tu, nikauchomeka. Honi ikalia, na nakiri nilifurahi kama mtoto.

Hatua ya kisahani haikuwa daftarini. Nilikirudisha kikiwa kimepitiliza mzunguko mmoja mzima, na kwa macho hakikuwa na tofauti yoyote. Tena kisahani hicho ndicho kinachobeba sensa ya usukani, kifaa kinachoiambia kompyuta kwamba dereva amekata kona kiasi gani. Tangu siku ile kilikuwa kinaiambia kwamba nimeuzungusha usukani mzunguko mzima, hali nakwenda moja kwa moja.

Jumatatu taa inayoonya kwamba gari linateleza iliwaka kwenye dashibodi. Nikiteremka kuelekea Nyabugogo, kwenye kona, kompyuta ilidhani gari linateleza ikaikamata breki ya gurudumu moja, gari likarushwa nusu ya barabara. Mwendesha pikipiki mmoja alinikwepa kwa shida. Nikaenda moja kwa moja kwa Gaspard.

Akachomeka mashine, akatazama, akatazama tena. Aliusogeza usukani kushoto na kulia huku akisoma namba.

"Gari iko imesimama, tairi iko sawa, na hii sensa inasema tunakata kona. Mwalimu, nani alifungua usukani?"

Nilijua jibu. Nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini mafundi watano walikuwa wamesimama pale, na tayari nilikuwa nazisikia kelele zao.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna aliyeufungua."

Hakuuliza mara ya tatu. "Mwalimu akisema hakuna, hakuna," aliwaambia wenzake, kisha akageuka. "Vestine! Njoo hapa."

Ni lazima nieleze jambo moja ili uelewe uzito wake. Wapo mafundi wavivu ambao, usukani ukikaa upande, hawajisumbui na vyuma vya chini: huung'oa usukani wakaurudisha umenyooka. Mteja huondoka ameridhika. Ni aibu kubwa katika kazi hiyo, kwa sababu ni kumdanganya mtu aliyekuamini.

"Uliung'oa usukani wa Mwalimu?"

"Hapana, Bosi. Nilirekebisha chini. Usukani sikuugusa."

"Basi ulijifungua wenyewe."

"Labda ni malaika," mmoja akadakia. "Vestine iko na malaika wa kumsaidia kazi." Wakacheka.

Vestine hakucheka. Alinijia mimi. "Mwalimu, siku ile ulikuwa umekaa pale pale. Uliona nikifungua usukani?"

Msomaji, uongo wa kwanza ulinitoka kwa aibu, na pengine ningeweza kusamehewa. Wa pili niliupima kabla ya kuutamka. Nilitafuta sentensi ambayo haingemshtaki mtu wala kunifichua mimi, nikaipata.

"Nilikuwa nasahihisha mitihani," nikasema. "Sikuangalia."

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Gaspard alitumia muda usiozidi saa moja. Alikirudisha kisahani mahali pake, akaifundisha kompyuta upya mahali ambapo usukani umenyooka, taa ikazimika. Alikataa nilipe hata faranga moja, kwa kuwa, alisema, kosa lilikuwa la gereji. Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru.

Mashine alikabidhiwa mtu mwingine. Vestine alipangiwa kuosha magari. Baada ya wiki mbili hakuonekana tena, na hayo niliyasikia kwa Gaspard mwenyewe, alipokuwa ananibadilishia mafuta, kama habari ndogo ya kupitisha wakati.

Miezi mitano nilijihoji. Nilijiambia angepata kazi nyingine, kwamba gereji si mahali pa mwanamke mwenye mtoto, kwamba nikisema sasa nitamwongezea usumbufu. Nilizijenga hoja hizo kwa uangalifu wote niliofundishwa, na hakuna hata moja iliyosimama hadi asubuhi.

Hatimaye nilikwenda Gatsata nikawaeleza, Gaspard na mafundi wake wote, nimesimama. Safari hii hakuna aliyecheka.

Gaspard alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Mwalimu, ungesema siku ile, ningekucheka nusu saa. Nusu saa tu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilimwambia yule mama maneno mabaya sana." Akaniomba nimtafute, nimwambie mashine inamngoja.

Nilimpata huko Masoro, kwenye lango la ghala moja wanakopakia bidhaa, watu wa zamu ya asubuhi wakitoka. Nilimweleza yote pale pale kando ya barabara, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Gari lile tulilishika watatu. Bosi hakufungua, mimi sikufungua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Kwamba wewe ndiye mwongo? Wangemwamini nani?"

Nikampa ujumbe wa Gaspard. Alitikisa kichwa.

"Mwambie namshukuru, ni ukweli. Lakini nikirudi, kila gari itakayorudi na shida watauliza mkono wangu kwanza. Hapa nafunga maboksi. Boksi likifunguka, wanaangalia gundi." Akatazama simu yake. "Mtoto ananisubiri shuleni." Akaondoka, akiniacha na ombi la radhi ambalo hakulipokea wala kulikataa.

Nimechoka, na sidhani kuandika haya kutanipumzisha. Ninakuomba jambo dogo tu. Fundi akikuuliza nani ameshika gari lako, mwambie ukweli papo hapo, hata kama gereji nzima imesimama ikikusubiri uaibike. Na ukiwa mtu anayeaminiwa kwa neno lake, ujihadhari zaidi, kwa sababu hakuna atakayekuuliza mara ya tatu. Watamgeukia aliye karibu nawe asiyeaminiwa, na yeye ndiye atakayelipa.