Vibanio vya Gari la Harusi

Gari lenyewe lilikuwa na viti viwili tu, na hilo peke yake lilitosha kunikasirisha. Dereva huku, bibi harusi kule, na bwana harusi anafuata nyuma kwenye Noah ya kukodi kama mgeni mwalikwa. Lakini ndilo gari lililokuwa likitakiwa Ifakara nzima: jekundu, la spoti, limelala chini karibu na lami, mlio wake unasikika kabla halijakunja kona. Mwenyewe alikuwa baba mdogo wa kijana aliyemposa binti yangu. Alilinunua Dar es Salaam likiwa nusu limekufa, akalifufua uani kwake, na katika msimu wa harusi lilikuwa halikosi bibi harusi kila Jumamosi. Safari hii zamu ilikuwa ya binti yangu.

Kwetu gari la bibi harusi hulala kwa kina bibi harusi. Huletwa Ijumaa ili mashangazi na marafiki walipambe kwa riboni na maua. Basi likaletwa kwangu Kibaoni, likaegeshwa uani kando ya turubai nililoanikia mpunga, na baba mdogo akaanza kuonyesha maajabu yake. Paa linatoka lote, kipande kimoja. Boneti nayo inatoka yote. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akalinyanyua paa kwa mikono miwili na kuliegemeza ukutani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikainama kutazama lilikuwa limeshikwa na nini.

Niliinama kwa sababu ya kazi yangu. Nimeendesha mashine ya kukoboa mpunga tangu binti huyo nikiwa nambeba mgongoni. Mashine ile ina vifuniko pembeni, unavifungua kila pumba zinapokaba, unasafisha, unavirudisha, kazi inaendelea. Kwa hiyo lazima vifunguke upesi, na lazima visifunguke vyenyewe. Mtetemo hulegeza nati yoyote ya kawaida. Unaikaza asubuhi, mchana unaiokota sakafuni. Kifuniko kimoja kiliwahi kuruka kikampiga mteja kifuani, akakaa chini kwenye pumba anatafuta pumzi. Tangu hapo pasipofunguliwa mara kwa mara tunaweka bolti yenye nati ile ya plastiki ndani, isiyorudi nyuma kwa kutikiswa. Na panapofunguliwa kila saa tunaweka kufuli ya kuvuta na kulaza, kama ya sanduku la bati, na pini ndogo ya kuizuia isijifungue.

Nilichokiona kwenye lile gari ni vibanio vya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha. Unabonyeza kichwa, vibawa viwili vinatanuka upande wa ndani, basi, umefunga. Vinafanana na vile vinavyoshikilia ubao wa ndani wa mlango wa gari, mahali ambapo kikichomoka hakuna atakayeumia. Bawaba za boneti alizing'oa kwa sababu zilikuwa na kutu. Kufuli yake ya zamani aliitupa kwa sababu, alisema, inaongeza uzito. Boneti yenyewe ni ya faiba, matundu yametobolewa makavu bila washa, ile pete ya bati inayokaa chini ya nati, na kingo za matundu ya mbele zilishaanza kupasuka. Vibanio vinne kwenye boneti, vinne kwenye paa, na chini yake mwanangu.

"Mkwe," nilimwambia kwa heshima zote, "hivi vibanio si vya kazi hii. Kesho mkitoka kanisani mnakwenda Mngeta, kwa kina bwana harusi. Barabara ile ya vumbi ina mikunjo kama bati, gari litatetemeka njia nzima. Na upepo utaingia chini ya boneti."

Akacheka. "Mkwe, hii siyo mashine ya mpunga. Hili ni gari la spoti."

"Upepo haulijui hilo."

"Limebeba maharusi wangapi hili? Kuna hata mmoja aliyeanguka?"

Hao maharusi wote walizungushwa mjini juu ya lami, mwendo wa konokono, nyuma ya pikapu ya matarumbeta. Hakuna aliyepelekwa Mngeta. Nilimwambia hivyo. Akawageukia wanawake waliokuwa wanafunga riboni, akawaambia, "Mama wa bibi harusi ana wasiwasi, mpeni soda." Wakacheka wote, na dada yangu wa damu akiwemo.

Binti yangu akanivuta pembeni. "Mama, tafadhali. Usiniletee mkosi kwenye harusi yangu."

Mkosi! Hapo damu ilinichemka. Naongelea kipande cha plastiki, naonyesha ufa kwa kidole, najibiwa habari za mkosi. Ingekuwa ni mwanamume ameinama pale na kutikisa kichwa, wangemwita fundi na kumsikiliza. Mimi nikawa mama mwenye gere, mama asiyetaka binti aondoke, mama anayeharibu furaha ya watu.

Asubuhi yake binti alipokwenda saluni, nilikwenda duka la vifaa pale sokoni. Muuzaji aliniletea kwanza bolti zinazong'aa, nilizikataa. Nilichukua nene za chuma, nati zenye plastiki, na washa pana, kwa maana faiba ikibanwa mahali padogo huchanika kama karatasi. Nilirudi nikiwa na kitenge cha sherehe tayari kiunoni, nikaingia ndani ya gari na spana zangu za mashineni. Nilianza na paa kwa kuwa lilikuwa juu ya kichwa chake. Nilitoa kibanio kimoja kimoja, nikaweka bolti, nikakaza mpaka mkono ukauma. Paa likamalizika. Nikashuka kwenda kwenye boneti, na ndipo baba mdogo akaingia uani na suti yake.

"Unafanya nini kwenye gari langu?"

"Nalifunga."

Aliziona bolti. Alininyang'anya spana mbele ya watu wote, mbele ya watoto wa dada yangu, akazitupa kwenye mpunga. "Watu wanataka kumwona bibi harusi! Paa lisipotoka ataonekanaje? Umenivunjia heshima, mkwe." Nikamwambia azirudishe nimalizie boneti, kisha anitukane hadi achoke. Hakunisikiliza. Matarumbeta yalishafika barabarani, padri alikuwa anasubiri, na shemeji zangu walinishika mikono kama wanaozuia ugomvi wa kilabuni. Spana zilibaki kwenye mpunga.

Kwa hiyo binti yangu alipita mjini akiwa amefunikwa. Wenzake wote walisimama ndani ya gari lile, wakapunga mikono, shela linapepea; wangu alikaa chini ya paa, watu wakiinama kumchungulia dirishani. Kanisani hakunitazama. Wakati wa kupiga picha alisogea akakaa upande wa wakwe. Iliniuma, nisidanganye, na iliniudhi vilevile, kwa sababu nilijua kwamba paa likikaa salama hadi mwisho hakuna atakayesema ni bolti.

Safari ya Mngeta ilianza mchana. Mimi nilikuwa kwenye Noah pamoja na mkwe wangu, yaani bwana harusi mwenyewe, na mashangazi. Mbele yetu bodaboda za marafiki zilikuwa zinalizunguka gari jekundu, zinapiga honi, na mbele yao wote baba mdogo akionyesha spoti ni nini. Lami ilipoisha hakupunguza mwendo. Nilimwambia dereva wetu apige honi ili baba mdogo asimame. Mashangazi wakaniambia, "Jamani, mama, leo tu tuache tufurahi."

Niliona kitu chekundu kikinyanyuka. Kilisimama wima mbele ya kioo chao, kikakipiga, kikapiga paa kwa kishindo, kisha kikapita juu na kuangukia bodaboda iliyokuwa nyuma. Vumbi likafunika kila kitu. Nilishuka Noah ikiwa bado haijasimama.

Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa barabarani ameshika mkono wake uliovunjika. Binti yangu alikuwa hai. Kioo cha mbele kilikuwa kimemwagika mapajani mwake, nyusi yake imepasuka, na damu inaingia kwenye shela. Juu yake paa lilikuwa limebonyea mahali ilipopiga boneti. Bolti zote nne zilikuwa mahali pake. Lingekuwa limeshikwa na vile vibanio lingeshuka lote kichwani kwake. Niliyaona hayo kwa sekunde moja nikiwa nimemshika uso, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mwenye gari saa ile.

Yeye alikuwa ameshuka, mzima, hata tai haijalegea. Akanyoosha kidole. "Ni huyu! Asubuhi nilimkuta na spana. Amelegeza boneti yangu."

Na watu waliamini! Kwa sababu waliniona na spana, na kwa sababu walishasikia habari za mkosi. Niliokota kibanio mavumbini, kimevunjika shingo, bado kina kipande cha faiba mdomoni. Niliwaonyesha mmoja mmoja. Sijui walikuwa wanatazama nini, maana mikononi mwangu hawakutazama. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi aliniambia nikitupe, nisije nikamkata mtoto wa watu.

Binti alishonwa hospitalini, sherehe ikafanyika bila muziki, watu wakala pilau na kutawanyika. Baada ya wiki chache akaja mshenga, yuleyule aliyeleta posa. Alinisalimia vizuri, akakaa, akazunguka sana na habari za mvua na mpunga, kisha akasema wakwe wanaomba niende Mngeta nikaombe radhi kwa mwenye gari. Ili yaishe. Ili binti aishi kwa amani pale ndani.

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Mama, wewe unajua na mimi najua," alisema. "Lakini mtoto ndiye anayekaa nao."

Nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikabeba kuku wawili kama inavyotakiwa, nikakaa kwenye mkeka mbele ya wazee wao. Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni, kovu bado bichi kwenye nyusi, macho chini. Baba mdogo aliketi kwenye kiti. Nikasema, "Nisameheni kwa yaliyotokea." Akapaza sauti ili wote wasikie vizuri, akasema, "Nimekusamehe, mkwe. Siku nyingine mwachie fundi kazi yake." Akanyoosha mkono, na mimi nikaushika.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Tusi lake, kicheko cha dada yangu, hata kile kidole alichoninyooshea barabarani, hivyo ningevimeza. Lakini nilisamehewa na mtu yule kwa kosa lake mwenyewe, nikashukuru, nikanywa chai yake.

Gari lilirudi barabarani. Limewekewa kioo kipya, boneti mpya ya faiba, paa limenyooshwa. Bolti zangu alizitoa. Nililiona sokoni limeegeshwa, nikainama kama kawaida yangu: vibanio vilevile, vipya, vinang'aa.

Binti yangu alinipigia simu katikati ya wiki. Alisema Jumamosi kuna harusi, bibi harusi atachukuliwa kanisani na kupelekwa Mlimba, kwa barabara ileile ya vumbi, na msafara utapita mbele ya nyumba yangu. "Mama, nakuomba. Usitoke nje. Ukitoka watanisema mimi." Alisema taratibu, hakuwa na hasira hata kidogo, na nilimwelewa kabisa. Nilimwambia nimesikia.

Jumamosi nilisikia matarumbeta yanakuja. Nilikaa ndani. Nilishika ungo, nikauweka. Nikashika ufagio, nikauweka. Kisha nikatoka, nikapita katikati ya watu waliosimama kando, nikaenda kusimama katikati ya barabara. Pikapu ya matarumbeta ikanikwepa. Gari jekundu likasimama karibu na magoti yangu, baba mdogo akakandamiza honi na kuniita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilizunguka upande wa pili. Paa lilikuwa limetolewa, na bibi harusi, msichana nisiyemjua, alikuwa amesimama ameshika kioo cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu," nikamwambia, "shuka."

Alinitazama, akamtazama dereva wake aliyekuwa anapiga kelele, kisha akaanza kukusanya shela lake.